Magurudumu ya Zawadi

Fundi alijibu kila swali isipokuwa moja.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta. Mtuhumiwa anayekataa kusema kabisa, unamwelewa. Kaambiwa na wakili wake. Anayesema kupita kiasi naye unamwelewa. Lakini huyu, fundi wa magari mwenye viganja vipana na kucha zilizoishinda sabuni, alikwisha kutaja alipolala, alichokula, bisibisi zake zinapokaa, hata kwamba haelewani na mbwa wa jirani. Ukifika kwenye ule ugomvi tu, mdomo unajifunga.

"Tena," Inspekta alisema. Neno hilo lilikuwa limempa jina. Kituo kizima kilimwita Bi Tena, naye alijifanya hajui. "Jumapili asubuhi uko nyumbani kwa baba mkwe wako."

"Ndiyo, Afande."

"Jirani anasikia mnagombana bandani. Maneno hayakumfikia, sauti zilimfikia. Anakuona umeshika ufunguo wa gari, mzee anakunyang'anya."

"Ni kweli."

"Kesho yake alfajiri, jirani huyohuyo anakuona umelala chini ya gari."

"Huyo jirani halali?"

"Nauliza mimi."

"Nilikuwa chini ya gari, ndiyo."

"Ukifanya nini?"

Fundi akatazama meza.

"Na Jumapili mlikuwa mnagombania nini?"

Fundi akaendelea kuitazama meza, kisha akauliza lilelile aliloliuliza tangu akamatwe. "Mzee amezinduka?"

"Bado."

"Basi nitasubiri, Afande."

Nje, kwenye korido, Sajini alikuwa ameegemea ukuta na jalada kwapani. Alikuwa kijana mchapakazi, na kosa lake lilikuwa moja tu: alipenda kesi ziishe. "Anasubiri mzee afe," alisema. "Akifa, nani atamkanusha?"

Mambo yenyewe yalikuwa yamepangika vizuri mno. Alhamisi, Mzee Vioo, mwalimu wa udereva mstaafu aliyepewa jina hilo na wanafunzi kwa kuwapigia kelele watazame vioo, alikuwa akishuka mlima na mkewe ndani ya Malkia. Malkia ni gari lake la kizamani, lililoingia katika familia kabla ya binti yao kuzaliwa, na kila Jumamosi lilioshwa kwa mkono na kupanguswa kwa flana. Kwenye kona ya tanuri la matofali mzee alikanyaga breki, pedali ikazama hadi chini, gari likaenda mtaroni. Mke alivunjika mkono. Mzee alipasuka kichwa na tangu hapo alikuwa hajafumbua macho.

Mkaguzi wa magari wa polisi alikuta mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele kushoto una mkato. Katika magari ya zamani kama lile, magurudumu yote manne yanategemea mafuta ya breki ya njia moja. Yakivuja mahali pamoja, breki zote zimekwenda.

"Mpira una mkato," Sajini alisema, akihesabu kwa vidole, "kisu tumekipata kwenye sanduku lake la vifaa, ugomvi upo, na alfajiri alikuwa chini ya gari. Mwendesha mashtaka anataka jalada leo kabla ofisi haijafungwa. Jaribio la kuua, hata dhamana hapati. Tunatafuta nini kingine?"

"Sababu."

"Urithi."

"Wa nini? Mzee ana nyumba moja, gari moja na mke mmoja, na vyote vitatu vimekula chumvi nyingi. Washa gari."

*

Nyumbani kwa mzee, mlango ulifunguliwa na binti yake, ambaye pia ndiye mke wa Fundi. Macho yalikuwa yamemvimba. Hakuwakaribisha wala hakuwazuia. Alisogea pembeni tu.

"Kama ni yeye, niambieni ni yeye," alisema. "Nikienda hospitali najiona namsaliti mume wangu. Nikimpelekea mume wangu chakula najiona namsaliti baba. Juzi nimefika mlangoni kwenu na bakuli nikarudi nalo. Nataka kujua tu niende wapi."

Sajini alitazama viatu vyake. Inspekta alimwambia ukweli, kwamba bado hajui, lakini kabla ya jioni lazima ajue.

Mama mtu alikuwa sebuleni, mkono umefungwa plasta, mgongo umenyooka. Aliwaagiza wakae na binti alete chai. Inspekta akamwomba aeleze safari ile tangu mwanzo.

"Nimeshaeleza."

"Tena, mama. Gari lilikuwa linakwenda kasi gani?"

"Sitini."

"Una hakika?"

Mama akamtazama kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Mwanangu, mimi nimeolewa na mwalimu wa udereva. Nikikaa mbele nina kazi. Yeye anatazama barabara na hivyo vioo vyake, mimi namtazamia mshale wa kasi. Ukivuka sitini namgusa goti, anapunguza. Siku ile sikumgusa."

"Kulikuwa na lori nyuma yenu. Dereva wake anasema alikuwa karibu na sabini, na bado alikuwa hawapati."

"Basi mshale wa lori lake mbovu."

Sajini akakohoa. Katika maelezo aliyoyaandika, alikuwa amemweka mama huyu kwenye kundi la wake wanaowatetea waume zao. Inspekta naye alikuwa ameyapitia bila kuyapinga, na sasa hakupendezwa na jambo hilo. Mtu anayedanganya kuhusu kasi husema hamsini au husema hakumbuki. Haelezi habari za magoti.

"Gari lilikuwa tofauti kwa vyovyote siku hiyo?"

"Hapana." Mama akafikiri. "Labda usukani. Ulikuwa mzito, alikuwa akihema kwenye kona. Nikamwambia ni uzee, akacheka. Na ule mlio."

"Mlio gani?"

"Kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Tukikata kona, krr. Tukinyooka, kimya."

"Tangu lini?"

"Tangu magurudumu mapya."

Inspekta akaweka kikombe chini. "Magurudumu gani mapya?"

"Yangu," binti alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia. "Zawadi yangu ya siku yake ya kuzaliwa. Makubwa, yenye rimu za kung'aa. Yale ya zamani yalikuwa madogo, yanalifanya gari lionekane limechuchumaa. Alivyofurahi, acheni tu. Alilizunguka gari mara ngapi sijui, anatoka, anarudi, anatazama. Ndiyo furaha yake ya mwisho niliyoiona."

"Mumeo ndiye aliyeyafunga?"

"Alikuwa safarini. Mimi na baba tulikwenda dukani kwa wauza matairi, wakayafunga palepale. Nilitaka mume wangu akirudi ashangae."

"Alirudi lini?"

"Jumamosi usiku. Jumapili ndiyo akayaona."

"Akashangaa?"

"Alisema ni mazuri." Binti akaweka sinia mezani. "Alisema mara moja tu, halafu akauliza baba yuko wapi."

Magurudumu ya zamani yalikuwa bandani, yamepangwa moja juu ya jingine na kufunikwa blanketi. Inspekta aliinama, akalisimamisha moja kando ya mguu wake. Kisha akaomba aazimwe.

*

Mkaguzi wa magari alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na hakupenda kuitwa mara mbili kwenye gari moja.

"Uliniuliza kama mpira una mkato," alisema. "Una mkato."

"Sijasema umekosea. Nataka tuanze tena, na safari hii tuanze na magurudumu."

Malkia lilikuwa kwenye uwanja wa nyuma wa kituo, ubavu wa kulia umebonyea, wa kushoto mzima. Walifungua gurudumu moja la nyuma. Inspekta alichora mstari kwenye saruji kwa chaki, akaweka alama kwenye tairi la zamani, akalizungusha taratibu hadi alama iliporudi chini. Akachora mstari wa pili. Halafu Sajini akafanya vivyo hivyo kwa lile jipya. Likaupita mstari wa pili na kuuacha nyuma kwa zaidi ya urefu wa kiatu chake.

"Mzunguko mmoja tu huo," Mkaguzi alisema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyeanza kunogewa. "Mshale wa kasi hauioni barabara, Afande. Unahesabu mizunguko. Uliwekwa kiwandani kwa magurudumu yale madogo. Ukifunga makubwa, kila mzunguko unakula njia zaidi, na mshale hauna habari."

"Kwa hiyo ukisoma sitini?"

"Uko kwenye sabini, au karibu nayo."

Sajini alibaki ameinama pale alipokuwa. "Kumbe mama hakudanganya."

"Na lori halikuwa bovu," Inspekta alisema. "Mzee ameichukua ile kona kwa sitini maisha yake yote. Alhamisi aliingia na sabini akidhani ni sitini, kwa magurudumu mazito zaidi, usukani unamgomea. Ilibidi akanyage breki kwa nguvu kuliko alivyozoea. Sasa tuutazame huo mpira."

Mkaguzi aliinua upande wa kushoto kwa jeki. Gurudumu la mbele likaning'inia, na nyuma yake mpira wa breki ukaonekana wazi, umejikunja kwa raha zake, mbali na tairi. "Siku ya ukaguzi nililiona hivihivi," alisema. "Tairi halifiki pale. Ndiyo maana nikawaza kisu."

Inspekta akachuchumaa. "Gari lililoning'inia haliendi popote. Likiwa barabarani lina watu ndani, linashuka mlima, dereva anakata kona na kukanyaga breki. Pua inainama. Gurudumu linakwenda wapi?"

Mkaguzi akavaa miwani yake. "Linapanda juu."

"Basi lipandishe."

Waliweka jeki ya pili chini ya mkono unaoshika gurudumu, Sajini akaingia kwenye usukani na kuukata hadi mwisho. Mkaguzi alipampu polepole. Tairi likapanda ndani ya madigadi, bati linalolifunika kwa juu, likainamia nyuma, na bega lake la ndani likaugusa mpira. Pampu nyingine mbili likaubana kwenye ukingo wa kile kipande cha chuma kinachoushikilia. Ukingo ule ulikuwa mkali.

"Sajini, usiguse chochote," Mkaguzi alisema kutoka chini ya gari.

Walipolifungua gurudumu na kuligeuza, walikuta upande wa ndani, upande ambao hakuna anayeutazama, una alama ya duara iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Mkaguzi akauchunguza mpira upya kwa tochi. Kuzunguka mkato, mpira ulikuwa umelika na kuwa bapa, nyuzi za ndani zimetokeza.

"Kisu hakisugui," alisema. "Huu uliliwa kidogo kidogo, kona baada ya kona, na siku ya kukanyaga kwa nguvu ukapasuka. Ripoti yangu naiandika upya." Alisema hivyo bila kununa, na Inspekta akamheshimu kwa hilo.

Lakini Bi Tena alikuwa bado ameinama. Alikuwa akipapasa ukingo wa madigadi juu ya gurudumu. Ukingo ulikuwa umekunjwa kwa ndani, na rangi imepasuka katika vijidoa vya nyundo. Vyuma vilivyofunuliwa havikuwa na kutu. Mtu alikuwa amevipaka grisi kwa kidole ili visishike kutu. Akaenda upande wa pili, akainama kwenye madigadi yaliyobonyea. Kwenye kipande kilichosalia, kazi ilikuwa ileile.

"Wauza matairi?" Sajini aliuliza.

"Wauza matairi hawapaki grisi. Huyu ni mtu aliyelipenda gari, au aliyempenda mwenye gari." Akasimama, magoti yakalia. "Alfajiri ya Jumatatu Fundi alikuwa hapa chini akikunja bodi ili tairi lipate nafasi. Anayetaka gari limuue mzee hahangaiki kulipisha tairi."

Akashusha pumzi ndefu. Alikuwa amefurahi, na hakuona haja ya kuficha. Alimpiga Sajini bega hadi jalada likamdondoka. Tangu watoke nyumbani kwa mzee, alikuwa akimwona yule binti na bakuli lake mlangoni, na sasa angalau alijua la kumwambia.

"Kama hana kosa," Sajini alisema akiokota karatasi, "kwa nini hasemi?"

Simu ikalia kabla Inspekta hajajibu. Ilikuwa hospitali.

*

"Mzee amezinduka," Inspekta alisema.

Fundi alifunika uso kwa viganja vyote viwili na kulia bila aibu. Inspekta alimwacha. Alipomaliza, aliuliza kama mzee anaongea.

"Ameuliza miwani yake iko wapi na nani amemnyoa."

"Basi ni mzima."

"Nimeiona nyundo yako kwenye madigadi," Inspekta alisema. "Nimeuona na mpira. Najua hukuukata. Sasa niambie mlichogombania."

Fundi alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Magurudumu, Afande. Nilipokata kona nalo mara moja tu, Jumapili, nikausikia ule mlio. Nikamwambia mzee tuyatoe leoleo, turudishe ya zamani. Akakataa. Akasema mwanawe amejinyima ili amnunulie, hawezi kumvunja moyo. Nikauchukua ufunguo, akaninyang'anya. Yule ni baba mkwe wangu, nimshike mikono? Kisha akaniapisha. Kwamba mke wangu asisikie neno hili kutoka kwangu."

"Ukaapa."

"Nikaapa. Alfajiri nikaja kimyakimya, nikapandisha jeki, nikakunja ukingo. Gurudumu lilikuwa linaning'inia, nafasi tele. Mpira ulikuwa mbali. Sikuuona, Afande. Fundi mzima."

"Mkaguzi wangu naye hakuuona, na yeye alikuwa akiutafuta. Lakini ungesema siku ya kwanza, ungelala kwako."

"Ningesema, halafu mzee afe? Mke wangu angeishi vipi, akijua zawadi yake ndiyo iliyomzika baba yake?"

"Ukaona ni afadhali aamini ni mumewe."

Fundi akafikiri. Ilionekana wazi kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kulitazama jambo hilo kutoka upande huo.

"Hilo sikulipanga vizuri," alisema.

*

Wodini, Mzee Vioo alikuwa ameinuliwa kwa mito, kichwa kimezungushiwa bandeji, miwani imekaa juu ya bandeji upande. Mkewe alikuwa kando yake. Binti alikuwa akimnywesha maji kwa kijiko. Inspekta alipoingia na Sajini, na Fundi nyuma yao, asiye na pingu, kijiko kikabaki hewani.

Inspekta hakuzunguka. Alisema hakuna aliyekata kitu. Alieleza habari za mshale unaohesabu mizunguko, pua inayoinama na tairi linalopanda, kwa maneno yanayotosha. Alipomaliza, binti alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Yangu," alisema. "Ni magurudumu yangu."

"Ni ukaidi wangu," mzee alisema. Sauti ilikuwa dhaifu lakini ya darasani. "Mlio niliusikia tangu siku tuliyotoka dukani. Nimefundisha nusu ya mji huu kwamba ukisikia mlio usioujua, simamisha gari. Mimi nikaongeza sauti ya redio."

"Wewe ulijua." Binti akamgeukia mumewe. "Na wewe ulijua. Ukakaa rumande huku ukijua. Mama?"

"Mimi niliusikia tu mlio," mama alisema upesi. "Nisiingizwe."

"Na hakukuwa na mtu katika familia hii wa kuniambia, binti, magurudumu yako hayafai?"

Baba mtu akatazama shuka. "Ulikuwa umefurahi sana."

Hapo binti akalia, kilio cha siku zote zile kwa mpigo, na Fundi akavuka chumba bila kumwomba Inspekta ruhusa. Binti alimshika shati kifuani kwa ngumi zote mbili. Haikujulikana kama anataka kumpiga au kumzuia asiondoke tena, na pengine yeye mwenyewe hakujua. Mama akamvuta mzee miwani ikae sawa. Sajini aligundua kwamba dirishani kuna kitu cha kutazama.

Baada ya muda binti akainua uso. "Lile shati la maua," alisema. "Nililokununulia mwaka jana."

Fundi akamtazama baba mkwe wake. Baba mkwe wake akatazama dari. Inspekta alifunga kalamu yake, kwa kuwa maelezo aliyoyahitaji alikuwa ameshayapata, lakini hakuondoka. Fundi huyu alikuwa amehojiwa asubuhi na jioni bila kuteleza hata neno moja, na alitaka kuona atakavyomjibu mkewe.

"Silipendi," Fundi alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolifungua."

Binti alicheka huku machozi yakimtoka, akacheka hadi muuguzi akaja mlangoni kuwanyamazisha. Kicheko kilipotulia, mzee akakohoa, akajiweka sawa kwenye mito, na bila kuulizwa na mtu yeyote akasema kwamba, maadamu wamefika hapo, na yeye ana jambo kuhusu zile soksi za zawadi.